Kuogelea kwa Miguu

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaizungukazunguka mpaka karatasi ikaisha. Asubuhi moja pale Liwatoni, mbele ya mafundi wa mashua na watu waliokuja kununua samaki, nilikutwa naogelea nimesimama wima katika maji yaliyonifika magotini. Mikono yapasua mbele ya kifua kama ya bingwa, ila hapo kifuani maji hayapo, kwa hivyo naogelea upepo. Macho nimefumba. Na nahesabu kwa sauti, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Ndiyo hiyo. Sasa nyote mwajua, naweza kueleza nilifikaje pale.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, kidogo hivi kwamba nikipiga chafya saa zote za ukutani hutikisika. Shule tuliachana kidato cha pili, tukiwa tumechokana. Kazi yangu ni ya kukaa. Asubuhi nakaa, mchana nakaa, jioni nafunga nakwenda barazani, nakaa. Kwa miaka thelathini viungo vyangu vilivyofanya mazoezi ni viwili tu: jicho la kulia, lile la kuwekea lenzi, na ulimi.

Ulimi huo ndio ulionitia taabuni. Zamani, nikiwa kijana, niliwaambia watu wa barazani kwamba niliwahi kuvuka mkondo wa Likoni kwa kuogelea, feri ikanipigia honi nikaipungia mkono. Watu wakapenda. Mwaka uliofuata nikamtia papa mmoja. Kufikia sasa papa ni watatu na mmoja wao ana mimba. Ukweli ni kwamba mimi, mzaliwa wa kisiwa, niliyelala utoto wangu wote nikisikia bahari, sijui kuogelea. Maji yakinipita kifua naita mama.

Na huyo mama ndiye habari yenyewe.

Mamangu akaa ghorofa ya tatu, nyumba ya mawe ya zamani, hatua chache kutoka kibandani kwangu. Amepita miaka themanini, macho yamepungua nuru. Ngazi za nyumba ile ni nyembamba na zimesimama, kama ukuta uliochongwa vidato, na cha kushikia ni kamba. Yeye hashuki. Ukimwambia tukubebe, asema, "Nitashuka siku moja tu, na siku hiyo mtanibeba mkitaka msitake."

Kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa nikipanda. Kila siku baada ya alasiri napeleka dawa yake ya macho, nakaa ukingoni mwa kitanda, naye anipapasa uso kwa vidole kujua kama nimekula, kama nimelala, kama nimegombana na mke wangu. Vidole vile vilikuwa havikosei. Daktari wa macho ana mashine na hajui hata nusu.

Halafu magoti yakaanza. Kwanza yakalia kama bawaba. Kisha yakavimba. Siku moja nikafika kidato cha saba, pumzi ikaniishia, goti la kulia likagoma, na la kushoto likamuunga mkono mwenzake. Kupanda siwezi, kugeuka siwezi. Nikashuka kwa makalio, kidato kimoja kimoja. Dadangu, anayeishi na mama, akasimama juu akauliza, "Wafanya nini huko?"

Nikamwambia, "Napangusa ngazi."

Toka siku hiyo tukawa twazungumza kwa dirisha. Mama ateremsha kikapu kwa kamba, mimi natia dawa na mkate, kikapu chapanda. Kikiteremka tena kina kaimati za shira, kumi, kumi na mbili, za moto. Na kwa kuwa mama hanioni vizuri kutoka kule juu, apiga kelele kama niko Lamu.

"Mwanangu! Choo umepata?"

"Nimepata, mama!"

"Cha kawaida?"

Chini ya dirisha hilo hilo pana duka la sahibu yangu, mshona kanzu, tumekua pamoja toka tukiwa na makamasi. Kila mama akifungua dirisha, cherehani ya sahibu hunyamaza. Wateja wake nao hunyamaza. Mtaa mzima wasubiri nijibu kama ni cha kawaida.

Miezi saba tulikwenda hivyo. Kelele nilizizoea, na vicheko vya watu nilivizoea. Lakini jioni moja dadangu alinipigia simu akaniambia, mama leo amekaa kimya sana, nilipomuuliza akasema, "Uso wake naanza kuusahau."

Hapo sikuwa na mzaha. Nililala nikitazama dari. Mtu wa miaka themanini na kitu hana miezi saba mingine ya kugawa ovyo.

Nikaenda kwa daktari wa viungo. Msichana mdogo, Mdigo, mpole, ila mkali kazini. Akanipandisha mzani. Akanipima presha, akaipima tena, kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoiamini.

"Baba, magoti ni nusu ya shida," akasema. "Nusu ya pili ni moyo na uzito. Hata magoti yangekuwa mazima, pumzi isingekufikisha juu. Unahitaji zoezi la kuufanya moyo upige mbio, utoke jasho, siku tano kwa wiki."

"Na magoti?"

"Liwe zoezi lisiloyagonga magoti."

"Hilo kwetu twaliita muujiza, daktari."

Hakucheka. Akasema usikimbie, usiruke, ngazi ziache kwanza. Jaribu baiskeli. Au ogelea. "Na wewe ni mtu wa Mombasa," akasema, "kuogelea si shida."

Nikasema, "Si shida hata kidogo."

Nilianza na kutembea, kwa ubishi, maana kutembea nakujua. Nikaenda kule Mama Ngina asubuhi, nikaenda mbio mbio kando ya bahari kama mtu anayedaiwa. Kina mama wawili wenye mabuibui na raba wakanipita. Wakazunguka, wakanipita tena. Mara ya pili walinipa pole. Nilipofika nyumbani goti lilikuwa kama boga.

Baiskeli nayo nilijaribu. Jirani yangu Bohora, muuza vyombo, ana baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote. Mwanawe alimletea, na yeye aliona ni pahali pazuri pa kutundikia miavuli ya kuuza. Akaitoa miavuli, akanikaribisha: "Karibu, bhai, panda, hata ukitaka kuanguka hapa hakuna pa kuangukia." Kweli, nilizungukwa na masufuria. Shida ilikuwa kiti. Kilikuwa chini na skrubu yake imeshika kutu, haizunguki, kwa hivyo kila nikikanyaga goti lanipiga kidevuni. Dakika ya tano akaingia mteja, akanitazama, akamuuliza jirani yangu, "Na huyu wamuuza bei gani?" Nikashuka. Goti likawa maboga mawili.

Yakabaki maji. Na hapo ulimi wangu ukanifungia mlango. Ningemwambia nani anifundishe? Nikienda chini ya Mji wa Kale wanapoogelea vijana, wote ni watoto na wajukuu wa watu wa barazani, na wote wamelelewa na wale papa wangu watatu. Mtu aliyevuka Likoni hawezi kuja kushikwa tumbo afundishwe kuelea.

Nikachagua Liwatoni. Ni upande wa pili wa kisiwa, watu wa kwetu huenda huko kununua samaki tu, alfajiri, na saa mbili wamesharudi. Mimi nikawa naenda saa tatu, kwa tuk-tuk, nimeficha kikoi cha pili ndani ya mfuko wa karatasi kama mwizi.

Siku ya kwanza niliingia hatua moja moja, na fulana na kikoi nilichokikaza kwa mshipi, mpaka maji yakafika kifuani. Hapo nikasimama. Mbele ya hapo ni habari za watu wengine. Ufukweni palikuwa na mafundi wa mashua wawili watatu, wanaziba nyufa kwa pamba na mafuta, na mmoja akaniita, "Ami, waogelea?"

Nikajibu, "Naogelea!" Ningesema nini?

Basi ikabidi niogelee. Mikono nikaitia kazini juu ya maji, nikapasua, nikavuta, nikageuza shingo huku na huku kama nilivyoona kwenye televisheni. Chini, miguu yatembea mchangani. Nikifika kwenye kamba ya mashua nageuka, narudi. Kutoka ufukweni nadhani nilionekana mtu anayeogelea polepole sana, mwenye kichwa kikavu.

Nilikusudia kuwadanganya wale mafundi tu. Kupona sikukusudia.

Maana baada ya dakika chache tu moyo ulikuwa unapiga kama mlango wa mtu mwenye deni ukigongwa. Pumzi juu juu. Jasho lilinitoka ndani ya maji, sikujua kama yawezekana. Na magoti kimya. Yako chini huko, yanakunjuka, yanakunjika, hayaniulizi chochote. Maji yalikuwa yamenibeba mimi na kaimati zangu zote, na papo hapo yalinizuia nisiende, kila hatua kama kumsukuma ng'ombe. Nilipotoka nilikaa juu ya jiwe, na nikagundua natabasamu peke yangu.

Nikaenda kesho yake. Na kesho kutwa. Dakika kumi zikawa kumi na tano, zikawa nusu saa. Baada ya wiki sita kikoi kilianza kunizunguka mara moja na nusu. Nilianza kupanda kizingiti cha msikiti bila kumshika mtu bega. Katika kikapu cha mama nacho nikawa natoa kaimati tatu nakula, zilizobaki nampelekea sahibu mshona kanzu, akawa ananitazama kwa shaka.

Sasa nije kwenye saa. Dakika nilikuwa nikizipima kwa saa yangu ya mkono, imeandikwa nyuma kwamba haiingii maji. Ilikuwa haiingii maji kweli, mpaka mimi, fundi, nilipoifungua kubadilisha betri, nikaifunga mwenyewe, na mpira wake nikautia mwenyewe. Asubuhi hiyo nikaingia, nikaanza. Baadaye nikaitazama: dakika kumi. Mwili mwepesi, nasikia naweza kufika Pemba. Nikaendelea. Nikatazama tena: dakika kumi. Nikajiambia, mashallah, leo nina nguvu za ajabu, wakati hausogei. Nikafumba macho kwa sababu ya jua, nikawa nahesabu hatua kwa mdomo, mia, mia mbili, mia tatu.

Saa ilikuwa imekufa zamani. Imejaa maji kama glasi. Na bahari siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yakitoka hutoka kweli kweli, hayaagi mtu. Mtoto yeyote wa kisiwa hiki ajua kutazama maji kabla ya kuingia. Mimi nilitazama saa. Nilihisi magoti yameanza kunung'unika nikadhani ni uchovu. Kumbe maji yalikuwa yameteremka kutoka kifuani, yakapita tumbo, yakapita kiuno, yameniacha wima na mikono yangu.

Nikasikia sauti niijuayo.

"Yakhe! Waogelea au wapanda mpunga?"

Nikafumbua macho. Sahibu yangu, mshona kanzu, yuko ufukweni na changu wawili mkononi. Alikuwa na wageni siku hiyo, amechelewa kuja kununua samaki. Nyuma yake mafundi wa mashua wote wameacha kazi, mmoja amekaa chini kabisa, amejishika mbavu.

Mtu mwenye magoti mazima angechuchumaa haraka, maji yakamfunika mpaka kifuani, akasema alikuwa anatafuta kombe. Mimi kuchuchumaa siwezi. Nilisimama pale kama mnara, mikono bado iko mbele.

"Ami, usiogope!" fundi mmoja akanipigia kelele. "Kina kimepungua!"

Nikatoka. Ile safari ya hatua thelathini ilikuwa ndefu kuliko mkondo wa Likoni. Nilipomfikia sahibu yangu nikasema, kwa sauti, wasikie wote, nimechoka nayo, "Mimi sijui kuogelea."

Akasema, "Twajua."

"Mwajua?"

"Baraza zima lajua. Siku hiyo unayosema ulivuka, mimi nilikuwa nawe. Tulivuka kwa feri. Ulinishika mkono mpaka ng'ambo, ukanitia kucha."

"Miaka yote hii! Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kila baada ya miaka papa aongezeka. Tulitaka kuona watafika wangapi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijui kama ushawahi kubeba mzigo miaka thelathini, kisha ukaambiwa uko mtupu.

Kwenye tuk-tuk tukirudi, na wale samaki miguuni petu, akaniuliza, "Sasa sema kweli. Wafuata nini kule majini?" Nikamwambia. Ngazi, moyo, na lile neno la mama kuhusu uso wangu.

"Kwa hivyo ni mama," akasema.

"Ni mama."

Kesho yake saa mbili alikuwa mlangoni kwangu. Amekwenda kuuliza maji yajaa saa ngapi na yatoka saa ngapi, ameandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia kanzu. Akasema leo twende sasa hivi, maji bado yamejaa, jana ulikwenda kama mwendawazimu. Tulipofika Liwatoni tukakuta mafundi wa mashua wamechomeka fito mchangani ndani ya maji, na juu yake wamepaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo. "Ami, maji yakishuka chini ya wekundu, toka," wakaniambia. Hawakutaka shukrani. Mmoja akanionyesha niinamishe kifua kidogo na nipandishe goti kila hatua. "Na mikono iache chini ya maji," akasema, "yatusumbua sisi tunaotazama."

Wiki nane nyingine tulifanya hivyo. Sahibu akikaa kivulini mwa mashua, anatarizi shingo za kanzu, mimi naenda na kurudi majini. Kila baada ya muda ananiita, "Upo?" Nami najibu, "Nipo!" Nawaambia kweli, sijapata kulindwa namna ile toka nilipokuwa mtoto. Watu wazima wanne wana kazi zao, na macho yao yako kwa mtu mmoja mnene anayetembea baharini.

Daktari aliponipima tena hakupima mara mbili. Nikamweleza kila kitu, mpaka upepo nilioogelea. Hapo ndipo nilipomwona akicheka, akafuta macho kwa mkono wa koti. Akaniambia, "Baba, hicho ulichokuwa ukijidanganyia ndicho nilichotaka ufanye. Maji ya kifuani yabeba mwili, magoti yapumzika, na maji hayo hayo yakupa kazi. Si lazima ujue kuogelea." Ningekuwa nimesema ukweli siku ya kwanza, ningeambiwa siku ya kwanza. Akanipa ruhusa ya ngazi, polepole: mguu wenye nafuu utangulie kupanda, wenye maumivu utangulie kushuka.

Nilipanda alasiri ya Ijumaa. Sikumwambia mama. Vidato thelathini na kimoja. Kidato cha saba nilikipita nikasema bismillahi, na sikukitazama. Ghorofa ya kwanza nikapumzika, ya pili nikapumzika. Kamba ilikuwa yatosha kushikwa tu, sikuhitaji kuning'inia. Moyo ulipiga, ndiyo, lakini ulipiga kama wa mtu anayepanda ngazi, si kama wa mtu anayekufa.

Dadangu alinifungulia mlango akaweka mkono mdomoni. Nikaenda nikakaa ukingoni mwa kitanda. Mama akageuza kichwa.

"Nani huyo apumua hivyo?"

Nikamsogezea uso. Akanyoosha mkono, vidole vikanipata paji, vikashuka machoni, vikakuta maji vikayafuta bila kuuliza, vikashuka mashavuni, vikasimama.

"Umekonda."

"Nimekonda, mama."

"Masikio yamekuwa makubwa."

"Ni yale yale, mama. Uso ndio umepungua."

Akanishika masikio yote mawili, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinishika nikirudi kucheza nimechelewa, na hakuyaachilia. Kisha tukazungumza. Si kwa kelele. Alininong'oneza mambo ya marehemu baba, na ya ndoto aliyoota, na jambo moja kuhusu dadangu ambalo dadangu mwenyewe hajui. Miezi ile yote yalikuwa yamemkaa kifuani, maana hayakuwa mambo ya kutiwa dirishani. Nilishukuru Mungu kwa kila kitu nilichoweza kukumbuka: kwa yule msichana wa hospitali, kwa fito, kwa bahari, hata kwa ile saa mbovu.

Nilishuka karibu na magharibi, mguu wa maumivu ukitangulia. Sahibu yangu alikuwa bado kwenye cherehani, duka limejaa kanzu za watu, hajamaliza hata moja.

"Saa mbili nzima," akasema. "Mmezungumza nini?"

"Mambo."

"Mambo gani?"

"Yetu."

Akakata uzi kwa meno, akanitazama toka kofia mpaka viatu, akainama tena kwenye kitambaa. "Miezi yote hii," akasema, "mimi nimejua presha yako, choo chako, na ugomvi wako na mkeo. Leo nimetega sikio hapa mpaka shingo imeniuma, sijapata hata neno moja. Alhamdulillahi, yakhe, nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Lakini kesho mkizungumza, angalau fungueni dirisha."